Mjusi wa Tendaguru: arudi Lindi, au apewe kazi hukohuko Berlin?

Wakuu, toleo la 2024 la Sera yetu ya Mambo ya Nje linataka Kiswahili na utamaduni wetu vivuke mipaka. Sawa. Sisi wa Lindi tuna balozi Berlin tangu enzi za Mjerumani, yaani yule dinosaria tunayemwita mjusi, ana kimo cha zaidi ya mita 13, na mpaka leo hana hata kitambulisho cha utumishi.

Hoja yangu: tuache kelele za "rudisheni mjusi". Mifupa yake ilichimbwa kwetu Lindi, kilima cha Tendaguru, kati ya 1909 na 1913, ikabebwa vichwani siku kadhaa hadi bandari ya Lindi. Waliobeba ni babu zetu. Anayeingia lile jumba la makumbusho la Berlin alikowekwa ayasome hayo kwa Kiswahili, amjue na Boheti bin Amrani, msimamizi wa wachimbaji, ambaye wataalamu walimpa mjusi mwingine jina lake mwaka 2007. Ubalozi wetu udai hilo, na udai kodi pia. Ndiyo, kodi! Mgawo wa viingilio uje Mipingo, kijiji cha jirani na Tendaguru.

Wa Newala: Mleta mada, mtu kakunyang'anya nyumba, unamwomba kodi? Kinyago cha Kimakonde kiliibwa Makumbusho ya Taifa 1984, kikaonekana Uswisi, na 2010 kikarudi. Kwa hiyo inawezekana. Tusijifanye wanyonge kabla hata ya kukaa mezani.

Mleta mada: Kinyago unakibeba kwapani, ndugu yangu. Huyu anataka ukumbi wenye dari kama la kanisa kuu. Halafu akirudi atakaa Dar, si Lindi. Bisha.

Mzee wa Nachingwea: Wanangu, mnagombea mifupa. Frelimo, wapigania uhuru wa Msumbiji, walipewa kambi hapa kwetu, kiongozi wao Samora Machel mwenyewe tulikuwa naye. Tuligawana nao ardhi na hatari ya vita. Hiyo ndiyo ilikuwa sera ya nje yenye utu ndani yake, na Msumbiji wanaikumbuka bila kupelekewa vipeperushi. Leo mkienda kwenye maonyesho ya nje mnabeba picha za Kilimanjaro na kahawa. Nachingwea imo?

Mleta mada: Shikamoo mzee. Hapo umenibana. Ila mgeni akija leo kuiona hiyo kambi, tumwonyeshe nini?

Wa Newala: Korosho.

Mzee wa Nachingwea: Marahaba. Na hiyo kodi mkiipata, msiipitishie Dar.