India na Pakistani: ugomvi wa mpaka au wa madaraka?

Mleta mada (Ngamiani, Tanga):
Wakuu, usiku wa tarehe 8 Mei 2025 jirani yangu muuza vitambaa aliniita kwake. Ana shangazi Karachi, binamu Gujarat. Runinga kadhaa za India zilikuwa zikitangaza kwamba bandari ya Karachi imeshambuliwa. Alibonyeza namba mara tatu akikosea, vidole vinamtetemeka. Shangazi akapokea kwa sauti ya usingizi: kuko shwari. Habari ile ilikuwa uongo mtupu.

Mimi nasema moto huu unachochewa na siasa za ndani ya kila nchi. Februari 2019 askari 40 wa India waliuawa Pulwama, huko Kashmir, siku 12 baadaye ndege za India zikapiga Balakot, ndani ya Pakistani, Aprili Wahindi wakaanza kupiga kura. Waziri Mkuu Modi aliitaja Balakot majukwaani waziwazi, chama chake cha BJP kikazoa viti 303. Upande wa pili, jeshi la Pakistani lilikuwa limechokwa na wengi tangu waziri mkuu wa zamani Imran Khan afungwe 2023. Baada ya mapigano ya siku nne ya Mei 2025, mkuu wake, Asim Munir, akavishwa nyota ya tano, cheo cha juu kabisa jeshini.

Mchangiaji (Chumbageni):
Ndugu yangu, unawaonea. Watu 26 waliouawa Pahalgam, huko Kashmir, kabla ya mapigano hayo ya Mei hawakuuawa na kampeni. Serikali gani itanyamaza watalii wakimiminiwa risasi? Na Kashmir, jimbo la mpakani, nchi hizo mbili zinaligombea tangu 1947.

Mleta mada:
Damu ile naililia kama wewe. Ila kumbuka magaidi waliotoka Pakistani walivyoshambulia Mumbai, India, Novemba 2008. Walikufa watu 166, waziri mkuu wa wakati huo, Manmohan Singh, hakurusha hata ndege moja kuvuka mpaka, na 2009 chama chake kikarudi madarakani na viti vingi kuliko mwanzo. Kumbe mpiga kura anaweza kumwelewa kiongozi aliyejizuia.

Mchangiaji (Makorora):
Hiyo ilikuwa zamani, kaka. Mwaka 2016 India ilitangaza kuwa askari wake wamevuka mstari unaoigawa Kashmir kati ya nchi hizo mbili, 2019 zikaja ndege, 2025 makombora na droni. Atakayejibu kwa kiasi kidogo kuliko aliyemtangulia ataitwa mwoga na wapinzani wake. Na kila mmoja ana vichwa vya nyuklia zaidi ya 150!

Mleta mada:
Hapo umenigusa, ndiko hofu yangu iliko. Basi nisaidieni: waziri mkuu anayetaka kuishuka ngazi hiyo ya kujibu kwa nguvu zaidi kila mara amwambie nini mpiga kura wake? Na jenerali, ambaye hapigiwi kura na mtu, nani atamwambia ashuke?