Kuanza kutengeneza visu nyumbani: chuma kipi, na je, uhunzi ni lazima?

Mgeni_wa_Karakana
Wakuu, salaam. Mimi ni mfanyakazi wa ofisini, na ningependa kutengeneza visu siku za mapumziko kwa kujifurahisha tu, si kwa biashara. Ninazo grainda ndogo, keekee ya umeme, jiliwa na tupa kadhaa, ila sina fuawe wala mivukuto. Jirani ananishauri nitumie kipande cha nondo kilichobaki kwenye ujenzi. Rafiki yangu anasisitiza kwamba bila springi ya gari hakuna kisu. Je, ni lazima nijifunze uhunzi kwanza? Na kwa kisu cha jikoni nianze na chuma kipi?

Tupa_na_Msasa
Ndugu, uhunzi si lazima. Unaweza kuchora umbo la kisu kwenye bapa la chuma, ukalikata, kisha ukaondoa ziada kwa grainda na tupa bila kupiga nyundo hata mara moja.

Nondo iache. Kwa kawaida ina kaboni kidogo mno, na kaboni ndiyo inayokiwezesha chuma kuwa kigumu kinapopozwa ghafla. Springi ni chuma kizuri, chenye kaboni karibu asilimia 0.6, lakini ni nene na imepinda, na kuipunguza kutoka milimita 7 hadi 3 kwa grainda ya mkononi kutakukatisha tamaa mapema. Isitoshe, springi iliyokwisha kubeba mizigo kwenye barabara mbovu huweza kuwa na nyufa zisizoonekana kwa macho.

Tafuta panga la zamani la chuma kizuri. Unene wake unakaribia ule unaoutaka, na kiwandani lilikwisha kupitishwa motoni, kwa hiyo kazi yako ni kulichonga bila kuliharibu: lifunge kwenye jiliwa, lichonge kidogo kidogo na ulipoze majini kila linapoanza kuunguza kidole. Rangi ya bluu ikijitokeza kwenye makali, ujue joto limezidi.

Mkaa_Mwekundu
Kuhusu nondo nakubaliana na mwenzangu, lakini kuhusu panga nina shaka. Panga hufanywa laini kiasi ili lisivunjike likigonga jiwe, kwa hiyo kisu kitakachotokana nalo kitahitaji kinoo mara kwa mara. Tena, anayekwepa moto anakwepa sehemu tamu kuliko zote katika kazi hii.

Moto wenyewe hauhitaji karakana kubwa. Jiko la mkaa lililojengewa matofali, likipulizwa na kikaushia nywele kupitia bomba la chuma, linatosha kwa kisu kifupi, mradi ufanyie kazi nje, kwa sababu hewa ya mkaa huua. Toboa matundu ya mpini mapema, na uache ukingo wa makali ukiwa na unene wa kama milimita 1 ili usipinde wala kupasuka. Pasha chuma hadi sumaku isikishike tena, yaani karibu nyuzi 770 za Selsiasi, ongeza joto kidogo, kisha kitumbukize wima kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa hadi nyuzi 50 hivi. Oili chafu ya gari usiitumie, kwani moshi wake una sumu. Na mfuniko wa chombo uwe karibu, maana mafuta huweza kuwaka. Tupa ikiteleza juu ya chuma bila kukikwaruza, kimekuwa kigumu, lakini wakati huo kinaweza kuvunjika kama kioo. Kiweke mapema kwenye oveni ya nyuzi 200 kwa saa mbili, kiache kipoe, kisha rudia.

Mgeni_wa_Karakana
Nashukuru sana, wakuu. Nitaanza na panga, kisha nitafute springi nyembamba. Mpini nimepanga kuufanya wa mpingo, je, unafaa?

Tupa_na_Msasa
Unafaa na unapendeza, ila una mafuta ya asili yanayoizuia gundi ya epoksi kushika. Ukwaruze kwa msasa, uufute kwa asetoni muda mfupi kabla ya kupaka gundi, na uongeze ribiti mbili. Vumbi lake huwasha ngozi na kusumbua kifua, kwa hiyo nunua barakoa ya kuzuia vumbi, ile ya vichujio, wala si kitambaa cha kujifunga usoni. Mninga ni mlaini zaidi kuuchonga, nami ningeuchagua kwa mpini wa kwanza.