Kujisomea Kiingereza: vitabu vilivyorahisishwa, vya watoto, au riwaya kamili?

Msomaji wa Tanga

Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri wenu. Nilimaliza kidato cha nne, na Kiingereza cha darasani nakifahamu kwa kiasi cha kujibu mtihani, lakini sijapata kumaliza kitabu kizima kwa raha. Sasa nataka kujisomea kila jioni na nimeshindwa kuamua kati ya njia tatu. Ya kwanza ni vile vitabu vilivyorahisishwa na kupangwa kwa ngazi kwa ajili ya wanaojifunza. Ya pili ni vitabu vya watoto wa Uingereza na Marekani, ambavyo wauzaji wa vitabu vya mitumba huviuza kwa bei nafuu. Ya tatu ni kuingia moja kwa moja katika riwaya, hasa za waandishi wa Afrika. Ningependa kusikia kutoka kwa waliozijaribu, na zaidi ya majina ya vitabu nataka sababu zenu.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Kabla ya kuchagua aina ya kitabu, ndugu yangu, pima ukurasa. Watafiti Hu na Nation walionyesha mwaka 2000 kwamba msomaji huielewa hadithi vizuri bila msaada pale anapoyafahamu maneno kama 98 katika kila 100 anayoyasoma. Ukurasa wa riwaya una maneno yapatayo 300, kwa hiyo kiwango cha kusoma kwa raha ni maneno mageni sita hivi kwa ukurasa. Yakifika kumi na tano bado utakifuata kisa kwa juhudi, lakini yakizidi hapo jioni yako itaishia katika kamusi. Fungua kitabu katikati, kwa kuwa kurasa za mwanzo hujaa majina na maelezo ya mahali, kisha soma kurasa mbili ukiweka alama ya penseli kwenye kila neno usilolijua.

Kwa kipimo hicho, wengi waliomaliza kidato cha nne bila mazoea ya kusoma hujikuta kwenye vitabu vilivyorahisishwa. Mfululizo wa Oxford Bookworms, kwa mfano, una ngazi ya kwanza yenye maneno ya msingi 400, ya pili 700, ya tatu 1,000, ya nne 1,400, ya tano 1,800 na ya sita 2,500. Anza ngazi moja chini ya ile unayodhani ni yako, na usome vitabu kadhaa vya ngazi hiyo kabla ya kupanda. Kitabu kimoja hakitoshi, kwa sababu neno hukaa kichwani baada ya kukutana nalo mara nyingi katika sentensi tofauti, hadi lisikusimamishe tena.

Msomi wa Mombasa

Shikamoo Mwalimu. Kipimo chako nakikubali, ila kwa heshima napingana na hitimisho lake. Riwaya kubwa ikifupishwa kwa ajili ya wanaojifunza, kisa hubaki na mwandishi hupotea. Mtu anayeyajua matukio tu ya riwaya ya Dickens bado hajamsoma Dickens. Tena kuna jambo ambalo hesabu ya maneno haiwezi kulionyesha. Riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, *Things Fall Apart*, inahusu ukoo, mahari, mavuno, vikao vya wazee na methali, nayo imeandikwa kwa sentensi ambazo nyingi ni fupi na wazi. Msomaji wa Tanga hahitaji kuelezwa mahari ni nini wala kwa nini mzee huanza hoja yake kwa methali, hivyo akili yake yote hubaki kwenye lugha. Mpe kitabu kinachohusu shule ya bweni ya Uingereza, na hata akiyajua maneno yote atajiuliza watu hawa wanafanya nini. Mimi ningempa Achebe tangu mwanzo, asome polepole, sura moja kwa siku mbili ikibidi.

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Marahaba. Hoja yako kuhusu mwandishi ni ya kweli kwa vitabu vilivyofupishwa, lakini vingine havikufupishwa kutoka popote. Mfululizo wa Cambridge English Readers, kwa mfano, una hadithi zilizotungwa tangu mwanzo kwa ajili ya wanaojifunza, na mtunzi wa namna hiyo hufanya kazi na maneno machache kwa hiari yake.

Kinachonitia wasiwasi ni pengo lililopo katikati. Nation alikadiria mwaka 2006 kwamba kusoma riwaya halisi kwa kiwango cha maneno 98 katika 100 kunahitaji familia za maneno 8,000 hadi 9,000 (familia moja ni neno la msingi pamoja na maumbo yanayotokana nalo), ilhali ngazi ya sita niliyoitaja inaishia 2,500. Wanafunzi wengi nimewaona wakiachia hapo, wakidhani kwamba wao ndio wenye upungufu, na jambo hili limeniuma kwa miaka mingi. Riwaya fupi za Afrika unazozitetea ndizo ningeziweka hapo, kwa sababu uliyoieleza wewe mwenyewe: mazingira yanayojulikana hufidia sehemu ya maneno yasiyojulikana.

Mkutubi wa Morogoro

Naomba niongeze njia ambayo haijatajwa, nayo ni kusoma kitabu kimoja katika lugha zote mbili. *Animal Farm* ya George Orwell, ya mwaka 1945, ina sura kumi tu na lugha yake ni nyoofu. Fortunatus Kawegere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1967 kwa jina la *Shamba la Wanyama*. Riwaya ya Achebe ilitafsiriwa na Clement Ndulute mwaka 1973 ikaitwa *Shujaa Okonkwo*. *Paradise* ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994, ilipata tafsiri ya Ida Hadjivayanis, *Peponi*, mwaka 2022, mwaka mmoja baada ya mwandishi kutunukiwa Tuzo ya Nobeli.

Namna ya kusoma ina uzito kuliko kitabu chenyewe. Soma sura moja kwa Kiswahili, funga kitabu, halafu soma sura hiyohiyo kwa Kiingereza bila kamusi. Usiviweke vitabu viwili mbele yako na kuvifuata sentensi kwa sentensi, kwa sababu macho hukimbilia lugha nyepesi, na pia kwa sababu mfasiri mzuri hupanga sentensi upya kadiri Kiswahili kinavyotaka, hivyo usawa unaoutafuta hautaupata. Gurnah mwachie nafasi ya baadaye. Pwani na bara anazozieleza, za miaka ya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, utazitambua, lakini sentensi zake ni ndefu na maana nyingi huziacha bila kusemwa waziwazi.

Msomaji wa Lubumbashi

Mimi nitasemea vitabu vya watoto, kwa kuwa naona vinadhaniwa kuwa rahisi. Kwetu shule ni kwa Kifaransa, na haja ya Kiingereza imeongezeka tangu nchi yetu ijiunge na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022. Maneno mengi marefu ya Kiingereza yana asili ya Kilatini na Kifaransa, kwa hiyo sisi huielewa taarifa ya uchumi gazetini mapema kuliko hadithi ya mtoto wa miaka minane. Hadithi hiyo hujaa vitenzi vifupi ambavyo hubadilika maana kila vinapofuatana na kineno kingine kidogo, pamoja na milio, mizaha na michezo ya maneno. Roald Dahl, mwandishi wa vitabu vya watoto aliyewahi kufanya kazi Dar es Salaam katika kampuni ya Shell kabla ya Vita Kuu ya Pili, hubuni maneno yake mwenyewe, na msomaji mgeni hana njia ya kujua ni neno lipi alitafute kwenye kamusi na lipi alicheke tu.

Chanzo cha ugumu huo ni kwamba vitabu hivyo huandikiwa mtoto ambaye lugha ameshaijua kwa kuisikia nyumbani na sasa anajifunza kusoma, ilhali sisi kusoma tunajua na tunachotafuta ni lugha. Ninazoziondoa hapo ni hadithi za African Storybook, zinazopatikana bure kwenye intaneti kwa ngazi mbalimbali, nyingine zikiwa kwa Kiingereza na Kiswahili, ambazo zinamfaa anayeanza kabisa.

Msomaji wa Tanga

Nawashukuru sana. Nimepima kama Mwalimu alivyoelekeza. Kitabu cha ngazi ya nne nilichoazima maktaba kimepita kwa urahisi, na riwaya ya Achebe imezidi kiwango cha raha karibu mara mbili, ingawa kisa nakifuata. Kwa hiyo nitasoma ngazi ya tano, kisha nitashika *Shamba la Wanyama* pamoja na Kiingereza chake, ndipo nimrudie Achebe. Vitabu vya watoto nitaviacha. Nina swali moja zaidi: nitumie kamusi gani, na je, vitabu vya bure vya mtandaoni vinanifaa?

Mwalimu Mstaafu, Iringa

Kwa maana ya haraka tumia kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI, iliyokuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Ukifika ngazi ya tano, jizoeze pia kamusi ya wanaojifunza iliyoanzishwa na A. S. Hornby, *Oxford Advanced Learner's Dictionary*, ambayo Oxford waliitoa mwaka 1948 na hueleza Kiingereza kwa Kiingereza chepesi. Wakati wa kusoma tafuta neno linalojirudia au linaloziba maana ya aya nzima, na mengine uyapite.

Msomi wa Mombasa

Kuhusu vitabu vya bure, Project Gutenberg, ulioanzishwa mwaka 1971, una makumi ya maelfu ya vitabu, lakini vingi ni vya karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20, vyenye maneno ambayo leo hayasemwi tena. Faida yake ni kwamba vingi kati ya hivyo vimesomwa kwa sauti na watu wa kujitolea wa LibriVox tangu mwaka 2005, na kusikiliza huku ukifuata maandishi humzuia msomaji kusimama kila neno. Kwa ngazi uliyopo, vitabu hivyo viache hadi ummalize Orwell, na ukivianza chagua hadithi fupi, si riwaya nene.