Nimeanza kazi baada ya miezi bila ajira, mshahara wa kwanza umekatwa kwa msimbo wa kodi 0T

Kutoka: Mama wa Coventry

Ndugu zangu, salaam. Nimekaa bila ajira tangu Machi, sasa nimepata kazi kwenye nyumba ya wazee na malipo ya kwanza ya wiki 4 yameingia. Jumla £2,000, kodi £400, NI (bima ya taifa) £83. Kwenye karatasi ya mshahara imeandikwa 0T W1/M1. Ofisi ya mishahara inasema niwapigie HMRC (mamlaka ya kodi ya Uingereza). HMRC wanasema mwajiri ndiye aliyewapelekea taarifa hivyo. P45 (karatasi ya kuacha kazi) ya kazi ya zamani sijawahi kuiona. Nilikuwa kwenye UC (Universal Credit, posho ya wenye kipato kidogo), si JSA (posho ya wanaotafuta kazi).

Naomba msaada kwa mawili. Nianze na ofisi ipi ili nirudishiwe? Na ule mwezi ambao malipo mawili ya wiki 4 yataangukia AP moja (kipindi cha mwezi ambacho UC hupima mapato), UC wakifunga dai langu nifanye nini?

Kutoka: Kaka wa Luton

Hongera dada. Bila P45 hakuna kitu, mwambie mwajiri wa zamani akutolee nyingine, uwe na subira.

Kutoka: Mhasibu, Reading

Kaka, tusimpoteze dada wa watu. P45 haitolewi mara mbili. Ikipotea imepotea, na kazi yenyewe iliisha mwaka wa kodi uliopita, kwa hiyo hesabu zake hazibebwi kuja mwaka huu. Kinachotakiwa ni Starter Checklist, fomu ya mfanyakazi mpya yenye matamko ya kuwekea alama: A, B au C.

Dada, 0T W1/M1, yaani msimbo usio na nafuu (kiasi kisichotozwa kodi) na kila malipo yanapigwa peke yake, huja pale mishahara inapopigwa mwajiri akiwa hana P45 wala Starter Checklist, au karatasi ipo lakini hakuna tamko lililowekwa alama. Hapo unakatwa kuanzia pauni ya kwanza. Kwa maelezo yako, alama ilipaswa kuwa A: kazi ya kwanza tangu 6 Aprili, na tangu hapo hujapokea JSA, ESA (posho ya wagonjwa) wala pensheni. UC haimo kwenye orodha hiyo kwa sababu haitozwi kodi. Watu wengi waliotoka kwenye UC huweka B (tamko la aliyepata kazi nyingine au posho inayotozwa kodi tangu Aprili) kwa kudhani posho zote ni sawa, na B inawaumiza.

Tazama tofauti kwa mshahara huohuo wa £2,000. Kwa 0T kodi ni £400. Kwa B, yaani msimbo 1257L W1/M1, unapewa nafuu ya wiki 4 tu, kama £967, na kodi inakuwa £206 hivi. Kwa A unapewa nafuu ya wiki zote tangu Aprili, hata zile ulizokaa nyumbani. Mwishoni mwa Oktoba tuko wiki ya 30, hiyo ni kama £7,250. Kodi sifuri. Na ukilipwa mara sita hadi 5 Aprili utakuwa umepata £12,000, chini ya nafuu ya mwaka, £12,570. Maana yake kodi ya mapato ya mwaka huu wote ni sifuri, na kila pauni waliyokata ni yako.

NI usiidai. Kila malipo yanapigwa peke yake, 8% ya kinachozidi £242 kwa wiki, miezi ya nyuma haiingii.

Kutoka: Mzee wa Slough

Mhasibu, umeenda haraka. Kodi inafuata tarehe ya kulipwa, haifuati siku uliyofanya kazi. Kama mshahara wa mwisho wa Machi pamoja na siku za likizo ulilipwa baada ya 6 Aprili, fedha hiyo ni ya mwaka huu, na hesabu yako nzuri inapungua. Dada aangalie kwanza benki yake ya Aprili.

Kutoka: Mhasibu, Reading

Kweli mzee wangu, aangalie. Lakini hata zikiwa pauni mia kadhaa, 0T bado ni makosa.

Dada, ingia kwenye akaunti yako ya kodi ya gov.uk au programu ya HMRC, fungua PAYE (kodi inayokatwa kwenye mshahara) ya mwaka huu. Angalia vitu viwili. Mwajiri wa zamani bado anaonekana kama unaendelea naye? Basi hakupeleka tarehe ya kuondoka, na hapo ndipo wengi hupewa BR (msimbo wa kukatwa 20% ya mshahara wote) kwenye kazi mpya. Weka tarehe wewe mwenyewe palepale. Cha pili ni makadirio ya mapato ya mwaka. Mfumo unaweza kuweka mshahara wa miezi kumi na miwili wakati utafanya kazi nusu mwaka tu. Rekebisha uandike utakachopata kweli hadi 5 Aprili. Baada ya hapo HMRC humpelekea mwajiri P6, yaani notisi ya msimbo mpya, wewe unapata notisi yako, P2. Mwajiri akishapata P6 isiyo na W1/M1, marejesho yanaingia kwenye mshahara unaofuata.

Kutoka: Binti wa Leicester

Mnasahau UC. Wao wanachukua takwimu za RTI (taarifa za kila malipo) zilizopelekwa HMRC na mwajiri, baada ya kodi, NI na pensheni. Marejesho yakija kupitia mshahara yanahesabiwa kama mapato ya AP ile. £400 ikirudi na bado uko kwenye UC, 55% inaondoka, yaani £220. Usishangae mwezi huo ukiona wamepunguza. Na kuhusu malipo mawili ndani ya AP moja, kuna kanuni ya Novemba 2020 inayowaruhusu kuhamisha mshahara mmoja kwenda AP nyingine.

Kutoka: Mzee wa Slough

Kanuni hiyo ni ya wanaolipwa kwa mwezi, pale mshahara unapowahi kwa sababu ya wikendi au sikukuu. Wa wiki 4 haiwagusi. Tafadhali binti yangu, soma kabla ya kuandika.

Kutoka: Binti wa Leicester

Shikamoo mzee. Nimesoma, ndiyo maana nikaandika "kuna kanuni". Sikusema inamhusu.

Kutoka: Muuguzi, Leeds

Kwa kuwa ni nyumba ya wazee, kuna jambo litakalomfuata: pengo. Sheria za huduma zinamtaka mwajiri awe na historia yote ya kazi na maelezo ya maandishi ya kila pengo. Andika aya fupi yenye mwezi wa kuanza na wa kumaliza, ambatisha taarifa za UC za miezi hiyo. HMRC pia wanatoa historia ya ajira ya miaka 5 kupitia akaunti ileile. Cheti cha DBS (ukaguzi wa rekodi za jinai) kikitoka, jiunge na Update Service (huduma ya kukihuisha) ndani ya siku 30, ukichelewa hadi cheti kingine. Waliokuja karibuni wataombwa na cheti cha tabia njema kutoka nyumbani, msingoje muulizwe.

Kutoka: Kaka wa Luton

Nyumbani Tanzania PAYE inapigwa kwa mwezi, mwezi usio na mshahara umepita na hakuna wa kukudai wala wa kukurudishia. Huku ni mwaka. Ndiyo maana tunachanganyikiwa. Halafu ukipata kazi tu, kabla ya karatasi ya kwanza, simu za ada za shule na paa la shangazi zinaanza.

Vilevile wapeni BRP (kadi za ukaazi) zenu kazini mapema.

Kutoka: Mzee wa Slough

Kaka! BRP ziliisha 31 Desemba 2024. Sasa ni eVisa (kibali cha kidijitali) na share code (msimbo wa kuthibitisha haki yako). Ya kazi inaanza na W, ina herufi na tarakimu 9, inaishi siku 90. Ukipeleka inayoanza na R, hiyo ni ya nyumba ya kupanga, HR wataikataa na wana haki, faini yao inafika £45,000 kwa mfanyakazi mmoja kwa kosa la kwanza. Ambaye ombi lake la kibali liko Home Office (wizara ya mambo ya ndani) bado, mwajiri atumie Employer Checking Service, huduma yao ya kuthibitisha haki ya kufanya kazi, jibu likiwa zuri linamlinda miezi 6.

Kutoka: Kaka wa Luton

Haya yote ni kwa sababu ya kukatazwa uraia pacha. Mkenya ana Katiba ya 2010, anachukua pasipoti ya Uingereza na ya kwao inabaki. Sisi Watanzania tunang'ang'ania vibali miaka ishirini kwa kuogopa kupoteza kwetu.

Kutoka: Binti wa Leicester

Hapo nakuunga mkono, kaka yangu. Mtu amezaliwa Tanga, wazazi wamezikwa Tanga, halafu aombe ruhusa ya kuingia. Hadhi maalum ya Tanzania kwa waliochukua uraia wa nje si uraia.

Kutoka: Muuguzi, Leeds

Wanaobaki na pasipoti ya Tanzania wazingatie hili: ukipewa mpya ubalozini, iingize kwenye akaunti ya UKVI (idara ya visa ya Uingereza) kabla ya kusafiri. Kama iliyounganishwa bado ni ile ya zamani, shirika la ndege huenda lisiione ruhusa yako, na unaweza kukwama uwanjani Dar. Weka picha ya sura iliyopigwa kwenye mwanga, namba ya pasipoti uiandike bila nafasi katikati, kisha subiri barua pepe ya kuthibitisha kabla hujakata tiketi.