Mama ameshauriwa kunywa dawa ya mionzi kwa ajili ya goita, nasi tunawahofia wajukuu

Mwana wa Ujiji
Assalaam alaikum na habari za jioni ndugu zangu. Naomba ushauri kuhusu mama yangu mwenye umri wa miaka 72, ninayeishi naye hapa Ujiji. Goita yake ya vinundu ni ya miaka mingi, wala haikuwahi kumsumbua hadi mwaka jana alipoanza kukonda ilhali anakula vizuri. Hakulalamika, alikuwa mnyonge na mwenye kuchoka upesi, nasi tukasema ni uzee. Kilichotushtua ni kikombe cha chai kugongagonga kisahani mkononi mwake, na bangili aliyoivaa tangu ujana kumvuka wakati akitawadha.

Vipimo vilionyesha kwamba homoni za tezi ya shingoni, ile yenye goita, zimezidi na moyo unapiga bila mpangilio. Anatumia kabimazoli ya kupunguza homoni hizo na propranololi ya kutuliza mapigo ya moyo, na sasa daktari anataka aende Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, akanywe madini joto yenye mionzi. Kwa jina hilo la taasisi, ndugu wanaamini kuwa tunafichwa saratani. Shangazi anasema tumwongezee tu chumvi ya Uvinza yenye madini joto. Swali langu mimi ni hili: mama hulala chandarua kimoja na wajukuu wawili. Je, hawatadhurika?

Muuguzi Mstaafu, Gungu
Pole sana mwanangu. Anapelekwa huko kwa sababu ndiko wenye utaalamu wa dawa za mionzi, si kwa sababu ana saratani. Tiba hii ilianza kutumiwa kwa tezi iliyozidi kazi mwaka 1941 huko Boston, Marekani. Tezi hufyonza madini joto ili itengeneze homoni. Vinundu vya mama yako hufyonza kwa pupa, kwa hiyo vitaifyonza dawa na kuungua kutoka ndani, huku sehemu ya tezi iliyolala ikipata kidogo. Kabimazoli hutuliza, lakini vinundu vya aina hii kwa kawaida huamka tena dawa inapoachwa. Mwambie shangazi, kwa heshima zote, kwamba kumwongezea madini joto sasa ni kuongeza kuni motoni.

Kuhusu wajukuu, hofu yako ina msingi, na lazima walale kwingine. Nguvu ya mionzi hiyo hupungua kwa nusu kila siku 8, na sehemu kubwa ya dawa isiyofyonzwa hutoka kwa mkojo katika siku za mwanzo. Watoto na wajawazito wakae mbali naye kwa muda atakaopangiwa kulingana na dozi, ambao huweza kufika wiki kadhaa. Anywe maji ya kutosha, amwage maji mengi chooni, na vyombo na shuka zake zioshwe peke yake.

Mwelezeni daktari dawa zake zote, hasa za moyo, na kama amepigwa picha ya kudungwa dawa mshipani hivi karibuni, maana dawa hiyo huwa na madini joto na huweza kuizuia tiba. Kabimazoli husimamishwa siku chache kabla, lakini msiiache kwa uamuzi wenu. Na wakati bado anatumia kabimazoli, ambayo mara chache hushusha chembe nyeupe za damu, akipata homa na koo kuuma, mwahisheni hospitali siku hiyohiyo akapimwe chembe hizo.

Mnyamwezi wa Kitete
Baba yangu alitibiwa hivyo. Fikirini safari ya kurudi: treni hadi Kigoma ni zaidi ya siku nzima mkiwa mmebanana na abiria wenye watoto. Sisi tulikaa kwanza Dar es Salaam, katika nyumba isiyo na mtoto. Kosa letu lilikuja baadaye. Moyo ulipotulia tulidhani yamekwisha, hatukurudi kupima damu. Miezi ikapita, akawa anasinzia mchana, uso umevimba, analalamika baridi hata jua la Tabora likiwaka, nasi tukasema tena ni uzee. Kumbe tezi ilikuwa imelala mno. Sasa anameza levothairoksini, kidonge cha homoni ya tezi, kila asubuhi na hajambo.

Binti Katonga
Ikiwa goita inambana koo, ulizeni pia kuhusu upasuaji.

Mwana wa Ujiji
Haimbani, dada. Ahsanteni nyote. Nimemsomea mama majibu haya, naye ameuliza jambo moja tu: nani atawachomekea wajukuu chandarua usiku. Mdogo wangu wa kike amekubali kuhamia kwetu.