Mhariri anataka niondoe kurasa 40 za bibi kwenye riwaya yangu ya uvamizi. Nimsikilize?

Mwalimu wa Newala

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa dhati, hasa kwa wanaoandika au wanaosoma sana.

Nimeandika riwaya ya viumbe wanaotoka anga za mbali na kuivamia dunia. Hawashukii Marekani, wanashukia kwetu, uwanda wa juu wa Makonde. Wanachotaka ni maji. Chemchemi za bondeni zinakauka moja moja hadi inabaki moja. Mhusika mkuu ni bibi kizee anayelea mjukuu wa miaka sita.

Mhariri mmoja ameusoma muswada, akaupenda, ila anataka nikate kurasa 40 za bibi na mjukuu niongeze mapigano. Anasema msomaji wa hadithi za kisayansi anataka mitambo, hataki msiba.

Sasa kurasa hizo ndizo zilizonifanya nishike kalamu. Bibi ndiye aliyenilea. Alikuwa akinisimulia walivyoteremka bondeni alfajiri kufuata maji na kupanda mlima na mtungi kichwani. Ukijikwaa yakamwagika, hukai ukalia. Unageuka, unarudi chini. Alifariki mwaka juzi. Siku ya tatu ya msiba niliikuta kata yake juu ya mtungi, ndani bado mna maji kidogo. Nikayanywa. Usiku ule nikaanza kuandika.

Kwenye riwaya, bibi anampa mjukuu kata ya mwisho, anamwambia yeye ameshakunywa. Mtoto anaona midomo ya bibi ilivyokauka, anajua hajanywa, lakini anakunywa. Mke wangu alipofika hapo alifunga daftari akatoka nje.

Nikate, au nibaki nazo hata nikimkosa mchapishaji?

Binti Mikindani

Pole sana na msiba, mwalimu. Usikate hata mstari. Huyo mtoto anayejua na bado anakunywa amenishika koo. Mapigano nitayasoma kwingine.

Msoma Nyota

Mwalimu, nitakuwa mkali kwa sababu naona kazi hii ina uzito. Bibi hana tatizo. Tatizo ni maji. Huko angani barafu imejaa tele. Europa, mwezi wa Mshtarii, unaaminika kuwa na bahari kubwa chini ya barafu yake, na Enceladus wa Zohali unarusha mvuke wa maji nje kabisa. Halafu tazama umbali: nyota iliyo jirani zaidi na Jua iko miaka ya mwanga 4.2, yaani hata mwanga wenyewe husafiri zaidi ya miaka minne kuufikia umbali huo. Chombo cha Voyager 1, kilichorushwa 1977, kwa kasi yake kingehitaji zaidi ya miaka 70,000 kumaliza umbali huo. Anayeiweza safari hiyo haji Newala kugombea chemchemi na bibi kizee.

Mwandishi Mwingereza H. G. Wells alipotoa riwaya yake ya wavamizi wa Mirihi mwaka 1898, sayari inayokauka na kupoa ilikuwa sababu ya kuaminika, maana wapo wanaastronomia waliodhani Mirihi ina mifereji iliyochimbwa. Leo msomaji atakukamata mapema, na akishakukamata hapo hatamlilia bibi.

Mzee wa Lindi

Msoma Nyota yuko sawa, na dawa iko hapa hapa kwetu. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba mifupa ya dinosaria pale kilima cha Tendaguru, huku kwetu Lindi. Wapagazi waliibeba siku kadhaa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, na leo yule mkubwa amesimama Berlin, zaidi ya mita 13 kwenda juu. Ilikuwa miaka michache tu baada ya vita vya Maji Maji na njaa iliyofuata. Watu walikuwa hata machozi hayajawakauka.

Sasa fikiri, mwanangu. Wavamizi wako wachimbe kitu ambacho sisi hatukijui hata jina. Wanapochimba, mishipa ya maji inakatika na chemchemi zinakauka. Hawana habari kama kule bondeni kuna bibi. Mimi hilo linaniuma kuliko adui anayenichukia.

Korosho Ghafi

Nampinga dada wa Mikindani. Majonzi kurasa 40 mfululizo yanachosha. Msomaji atalia ukurasa wa tano, akifika wa ishirini hana tena machozi. Mhariri ameukosea ugonjwa dawa, ila ugonjwa ameuona. Mpe bibi siku za kawaida: achimbe ming'oko, vile viazi vya porini, abangue korosho, agombane na jirani kwa ajili ya mbuzi, acheke. Kisha ndiyo ije ile kata.

Mwalimu wa Newala

Asanteni sana. Mzee wa Lindi, shikamoo. Nimekusoma mara tatu, kisha nikaenda kusimama pale Shimo la Mungu, ukingoni mwa uwanda wetu hapa Newala, hadi giza likaingia. Sura mbili za mwanzo nazifuta, wavamizi hawayataki maji tena.

Korosho Ghafi, umenikumbusha vidole vya bibi. Msimu wa kubangua vilikuwa vyeusi kwa yale mafuta ya maganda, ngozi inachunika, na bado alikuwa akinipapasa kichwani navyo. Nimeutafuta muswada mzima jioni hii, havimo. Nilikuwa nimeandika kufa kwake tu.

Kata inabaki, mhariri akitaka asitake. Mzee, swali moja: wale wapagazi wa Tendaguru, uliwahi kusikia kwa wazee walikuwa wakiimba nini njiani?