Wiki sita mjini: hoteli, nyumba yenye samani, au kwa mwenye nyumba moja kwa moja?

Mgeni_wa_Muda
Habarini ndugu zangu. Kazi inanipeleka mji nisioujua kwa siku 42, na nitakuwa na mwanangu wa miaka minne. Nina njia tatu: chumba cha hoteli, nyumba ndogo yenye samani kupitia programu ya simu, au nyumba ya mtu anayepangisha mwenyewe kwa mwezi. Hii ya mwisho ndiyo rahisi kuliko zote ukihesabu kwa usiku, na inanivuta. Mliowahi kukaa hivi mnasemaje?

KabatiWazi
Bei ya usiku mmoja iache, piga hesabu ya siku zote 42. Kwenye programu kuna ada ya usafi ambayo hulipwa mara moja tu. Anayelala siku mbili inamuuma, kwako ikigawanywa kwa 42 haionekani. Wenye nyumba wengi pia hupunguza bei kwa anayekaa mwezi. Hotelini ada hiyo haipo, lakini ongeza dobi na kula nje wiki sita. Na mtoto huamka na njaa wakati wowote! Mimi na mtoto mdogo, pasipo na jiko siendi. Huyo wa tatu muulize kama umeme, maji na intaneti vimo ndani ya kodi. Mara nyingi unafuu wake huishia hapo.

Ndege_Mhamaji
Jiko naliunga mkono. Ila kuna jambo watu hawalisomi: kwenye Airbnb, mojawapo ya programu hizo, ukipanga usiku 28 au zaidi, unaingia kwenye masharti mengine ya kughairi, magumu kwa anayetaka kuondoka katikati. Niliwahi kulipia miezi miwili kwa mkupuo, mahali ambapo picha zilionyesha kitanda, kabati na taa nzuri. Chumba hakikuwa na dirisha. Nilikaa humo miezi yote miwili kwa sababu fedha hazikurudi. Siku hizi napanga siku 10, nikiridhika naongeza.

KabatiWazi
Pole sana, ila hapo sikubaliani nawe. Ukizigawa siku unakosa punguzo la mwezi, na mwingine anaweza kuziwahi tarehe zinazofuata. Kuhamahama na mtoto huku unatakiwa kazini asubuhi ni mateso. Bora aulize maswali mengi kabla ya kulipa.

Ndege_Mhamaji
Maswali niliuliza. Punguzo nalikosa kwa hiari, nipate uhuru wa kuondoka.

Sahihi_Chini
Sheria ya mji nayo ina neno hapa. New York, tangu Septemba 2023, inazuia kupangisha nyumba nzima kwa chini ya siku 30. Kwa siku chini ya hizo, mwenyeji lazima awe anaishi humo pamoja na wageni na awe amesajiliwa. Kwa hiyo huko siku 42 zinakubalika, lakini zile 10 za Ndege_Mhamaji zinaangukia upande wa pili. Barcelona nayo imetangaza kutohuisha leseni za nyumba za watalii, zote ziwe zimekoma ifikapo Novemba 2028. Miji inatofautiana sana, basi soma masharti ya huko uendako na umwombe mwenyeji namba ya usajili kama inatakiwa.

Funguo_Mbili
Kwa anayepangisha mwenyewe: usitume hata senti kabla mtu unayemwamini hajaingia ndani. Zitafute picha zake mtandaoni, maana matapeli huiba picha za nyumba za watu. Ukiingia, piga video vyumba vyote, bomba likiwa wazi na namba za mita zikisomeka. Siku ya kudai amana utaihitaji. Kwa ajili ya mtoto, ulizia pia komeo za madirisha na vizuizi vya roshani, vitu ambavyo picha huwa hazionyeshi.

Mgeni_wa_Muda
Nimewasoma wote, ahsanteni sana. Yule wa tatu amejibu: umeme na maji najilipia, amana ni kodi ya mwezi mzima, na hataki mtu aione nyumba kabla ya malipo. Nimeachana naye. Hoteli nayo nimeiondoa kwa ajili ya jiko. Zimebaki nyumba mbili kwenye programu, na wote wawili nimewaomba video ya vyumba, madirisha yakiwa wazi, mchana na usiku. Mmoja ameshatuma ya mchana. Namsubiri wa pili.